Jina Lako Limerudi Chuoni

Baba Dogo, Nairobi
Jumapili, tukitoka kanisani

Mwaitu wangu mpendwa,

Nakusalimu kwa mikono yote miwili, mimi mwanao, pamoja na mkwe wako Wanjiku na Mwikali, yule mdogo mwenye jina lako. Huku tuko wazima wote. Swali letu ni magoti yako, kwa sababu mama mdogo Ndinda ametuambia umeanza tena kubeba maji mwenyewe ilhali watoto wa jirani wanashinda wakipiga mpira. Nilimuuliza pia kuhusu yule mbuzi wa pembe moja, kama bado anaingia jikoni. Akasema anaingia, na wewe badala ya kumfukuza unamuuliza alilalaje. Hapo nikajua kwamba hujambo.

Barua hii inakuja na Ndinda, ambaye amemaliza shughuli zake za kupimwa macho na sasa anarudi nyumbani. Ndani ya mfuko wake kuna sabuni ya kiwandani kwetu, sukari na majani ya chai. Usimwachie sukari, unamjua.

Utajiuliza kwa nini nimeandika na simu unayo. Nakujua, mwaitu. Kuna mahali pamoja ambapo nikipataja kwa simu, wewe husema mtandao umepotea, na kweli simu inakatika papo hapo. Karatasi haikatiki. Kwa hiyo vaa miwani, kaa kwenye kile kiti cha babu, na nakuomba usinikasirikie kabla hujafika mwisho.

Kwanza habari za kawaida. Bado naendesha lori la kile kiwanda cha sabuni, na nguo zangu zinanukia vizuri kuliko za pasta. Maji ya bomba yanakuja yanapotaka. Wanjiku yuko Muthurwa na viazi vyake, na sauti yake bado inasikika kutoka mwisho mmoja wa soko hadi mwingine. Binti yako mdogo, yaani wewe mwenyewe, amerefuka akanipita begani. Wanjiku akitaka kumgombeza kwa kuacha sufuria chafu, humwita kwanza "mama mkwe," kisha anashindwa kuendelea kwa kicheko. Mtoto anajua hivyo na anaitumia nafasi hiyo vibaya sana.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe.

Unakumbuka likizo ile Mwikali alipokuja kwako akiwa kidato cha nne, akakuambia anataka kusomea uuguzi. Ulikuwa unasuka kiondo. Ukamuuliza chuo gani. Alipokitaja kile cha misheni kule mlimani, uliweka kiondo chini, ukaenda kuangalia moto ambao haukuwa na shida yoyote. Baadaye ukaniita nyuma ya nyumba ukaniambia, "Aende. Lakini jina langu msilitaje kule." Nikakujibu, "Sawa, mwaitu." Nilikuwa na nia ya kutii, na nilitii mpaka nilipofikishwa mahali ambapo haikuwezekana tena.

Jambo hili hatujawahi kulizungumza, wewe na mimi. Ninalolijua niliambiwa na nyanya kabla hajafariki: kwamba ulisoma chuo kile, ukavishwa kofia ya uuguzi, kisha tumbo likaanza kuonekana, na siku hizo msichana mwenye mimba alionyeshwa lango tu. Tumbo lile lilikuwa mimi. Babu akaja kukuchukua, hakukupigia kelele njiani, na akasema mtoto akiwa mvulana ataitwa kwa jina lake. Ndiyo maana mimi ni Kyalo, mtoto wa binti wa Kyalo. Shika hilo, mwaitu, kwa sababu ndilo lililotuletea matata.

Chuo kile kina utaratibu wake wa kuchukua wanafunzi, nao una mambo mawili. La kwanza ni kuwahi. Wanaoomba kabla ya mtihani wa taifa, kwa matokeo ya shule tu, ndio wanaoitwa kwanza kwenye mahojiano, na nafasi nyingi huishia mikononi mwao. Wanawekewa nafasi, na mtihani ukija wakipita vizuri wanaingia. Wanaongoja matokeo hugombania zilizobaki, na kwa kawaida huwa hazifiki mbali. La pili ni ukoo. Fomu ina mahali pa kuandika kama mzazi wako, nyanya au babu yako alisomea pale. Hao wanaitwa watoto wa nyumbani, na hufikiriwa zaidi kidogo kuliko wengine.

La kwanza Wanjiku hakuhitaji kufundishwa. Kule Muthurwa, anayefika lori likifunguliwa turubai ndiye anayechagua magunia, na anayefika jua limepanda huuziwa viazi vilivyokatwa na jembe. Alipoisikia habari ya kuwahi alikata shauri siku hiyo hiyo.

"Baba Mwikali, hii fomu iende leo," akasema. "Tunangoja matokeo ya nini? Kwani hujui mtoto wako anasoma?"

"Tungoje kidogo tuone," nikasema.

"Wewe ngoja. Mimi na mama mkwe tunaenda posta."

La pili ndilo lililonipa taabu, kwa sababu jirani yangu Baba Shiro aliingilia. Yeye huuza supu ya vichwa vya mbuzi karibu na Kiamaiko, kule wanakochinjia, na kila shauri la dunia yeye analo. Alinikuta nje nikiosha viatu.

"Niaje, Kyalo. Nasikia mtoi anaenda kusomea unasi. Mko na mtu huko ndani?"

"Hatuna."

"Aaah, buda, hapo mmekwama. Mimi unadhani niliokotwa tu nikapewa kazi pale Kiamaiko? Mzee wa bibi yangu alikuwa anachinja hapo kitambo. Siku ya kwanza nikaulizwa, wewe ni wa nani? Nikasema mimi ni wa fulani. Nikapewa kisu. Kuna wasee walikuja na mimi hiyo asubuhi, mpaka leo wako kwa geti wanangoja kuitwa. Hebu fikiria vizuri. Hakuna mtu wenu alisomea huko, hata kitambo?"

Nikasema hakuna. Nilisugua kiatu kile mpaka rangi ikataka kutoka.

Jioni, Mwikali alipokuwa amejaza fomu kwenye meza, Wanjiku aliipitia kwa kidole, mstari kwa mstari, kama anavyokagua gunia. Akafika mahali palipokuwa patupu.

"Na hapa?"

"Hapo tunaacha," nikasema.

"Tunaachaje, na mama alisomea huko?"

"Hakumaliza."

"Alianza. Kwani mtu akianza safari akarudi, tunasema hakutoka nyumbani?"

"Wanjiku, amekataa. Amesema jina lake tusilitaje."

Akaniangalia. Akamwangalia mtoto. Akairudia pole pole, "Amesema jina lake tusilitaje." Kisha akaniuliza, "Na huyu anaitwaje?"

Nilidhani anachokoza tu. Fomu ikaenda hivyo hivyo, mahali pale pakiwa patupu, na juu kabisa kwa mwandiko mzuri: Esther Mwikali Kyalo.

Umeshaliona? Mimi sikuliona. Alipozaliwa nilimpa jina lako lote, la ubatizo na la nyumbani, na la mwisho likawa langu kama kawaida ya watu. Na jina langu ni la baba yako. Wewe ulipoingia chuo kile ulikuwa Esther Mwikali, binti wa Kyalo. Miaka yote hii nimekuwa nikiita jina hilo mezani, nikaliandika kwenye vitabu vya shule, na haikuniingia akilini kwamba ni jina zima, halijapungua hata herufi.

Tukangoja. Wasichana wa darasa lake walioomba nyuma yake wakaanza kuitwa. Wa kwanza alipoitwa, Mwikali alifurahi naye, akaja kutuambia. Wa pili alipoitwa hakutuambia, tulisikia kwa mama wa yule msichana kanisani. Aliacha kuimba akiosha vyombo. Kila nilipoingia nyumbani macho yake yalikwenda kwenye simu yangu kabla ya kunisalimu, kisha anasema, "Karibu, baba," kama mtu aliyelipa akapewa hewa. Mwaitu, wewe unajua mimi si mtu wa kulia. Lakini siku moja nilisimamisha lori kando ya barabara nikakaa tu. Niliwaza kwamba mtoto amefanya kila kitu alichoambiwa afanye, amesoma, amewahi, amenyamaza alipoambiwa anyamaze, na bado mlango umefungwa. Nikaogopa kwamba ni mimi nimeufunga kwa kuacha mahali pale patupu. Niliwaza hata kukupigia simu kukuomba ruhusa, nikashindwa.

Mwishowe nikapiga simu chuoni. Wakaniambia, "Fomu ya huyo iko na swali. Mje wenyewe." Walinipa siku, na ilikuwa siku ya mwisho ya mahojiano ya wale waliowahi. Msimamizi wangu kiwandani akaniachilia. Mwikali akavaa sare yake ya shule iliyopigwa pasi mpaka ingeweza kusimama yenyewe.

Tulipokelewa na karani, dada mmoja mpole. Akageuza kompyuta yake tukaiona.

"Mzee, shida ni hii jina. Vitabu vyote vya zamani tumeviingiza hapa, wanafunzi wote tangu chuo kianze. Huyu tukimwandika, mashine inakataa. Inasema tayari tulimwandikisha. Esther Mwikali Kyalo, nyumbani Kitui. Aliingia, akaacha kabla ya kumaliza. Na aliyeacha hawezi kuomba tena."

"Lakini dada, huyu ni mtoto. Muangalie."

"Namuona, mzee, na tarehe ya kuzaliwa nimeiona. Ndiyo maana niliiweka kando niulize, halafu kazi ikawa nyingi. Lazima nijue. Huyo mwingine ni nani? Hata kwenu ni huko huko. Ama kuna mtu anatumia jina la wenyewe?"

Mwaitu, hapo ndipo nilipofikishwa. Nyuma yetu kulikuwa na foleni ya wazazi na watoto wao, wote wametega masikio. Mwikali alikuwa anatazama ukuta, lakini niliona shingo yake ikilowa jasho. Nilikuwa nimekuahidi. Na yule dada alikuwa ameshika kalamu juu ya fomu, anangoja neno moja tu kutoka kwangu, na nikinyamaza mtoto anarudi nyumbani akiitwa mwizi wa jina lake mwenyewe. Nikakutazama moyoni, nikakuomba radhi, nikasema.

"Huyo mwingine ni mama yangu. Mimi naitwa Kyalo kwa jina la baba yake. Huyu ni binti yangu wa kwanza, nikampa jina la mama. Kwetu ndivyo tunavyofanya. Hakuna aliyeiba."

"Oh," akasema. "Na kwa nini aliacha?"

"Alikuwa amebeba mimba."

"Pole sana, mzee."

"Usinipe pole, dada. Mimba yenyewe ndiyo mimi."

Alijiziba mdomo, lakini kicheko kilikuwa kimeshamtoka. Mama mmoja nyuma yetu akapiga makofi. Nikamsikia Mwikali naye anacheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu wenzake waanze kuitwa. Hakuna aliyekucheka wewe, mwaitu. Ninakuapia. Yule mama wa foleni alisema, "Na bado amerudi!" na aliisema kwa fahari, kama vile wewe ni dada yake.

Karani akaniuliza mbona hatukuandika jina lako pale pa watoto wa nyumbani. Nikamwambia hukumaliza, na tena ulitukataza. Akasema hata tungeandika lisingetusaidia, kwa sababu pale ni pa waliohitimu tu. Basi ona mambo haya: jina lako halikuwa na nguvu ya kumwingiza mtoto, lakini lilikuwa na nguvu kamili ya kumzuia. Kisha akasema lile ambalo nimemrudishia Wanjiku kila siku tangu hapo.

"Shukuruni mliomba mapema. Hawa wa kwanza wanamaliza leo, nitamuingiza mwisho. Ingekuwa ni kwa wale wa baadaye, hii ningeipata nafasi zimeisha kitambo."

Kwa hiyo kama kuna mtu wa kushukuriwa ni mkwe wako na haraka zake za soko. Yeye anajua na ananikumbusha.

Mwikali akaingia. Nikakaa kwenye benchi nje, chini ya picha za wahitimu wa zamani. Sikuzitazama kwa kuwa nilijua wewe humo hutakuwamo. Yaliyotokea ndani nakupa kama alivyonisimulia. Walimuuliza kwa nini uuguzi, akawajibu. Walimuuliza angefanya nini mgonjwa akikataa dawa, akasema angekaa naye kwanza amuulize anaogopa nini. Kisha wakampeleka kwenye kitanda kitupu wakamwambia atandike. Akatandika kama ulivyomfundisha wewe, tangu akiwa mdogo wa kusimama juu ya kigoda, ile kona ya kuvuta, kuinua na kupenyeza chini mpaka shuka linakaa kama bahasha. Alipomaliza, mama mmoja mzee katika wale waliokuwa wakiuliza akaenda kwenye kitanda akaigusa kona ile.

"Nani alikufundisha kukunja hivi? Siku hizi mashuka yana mpira, hakuna anayekunja kona."

"Ni nyanya."

"Nyanya yako ni nani?"

Akasema, "Nina jina lake."

Yule mama akarudi mezani, akainua fomu, akasoma. Mwikali anasema aliisoma mara ya pili, kisha akaiweka chini na kuendelea na maswali kama kawaida.

Mahojiano yalipokwisha akanitokea nje. Mwanamke mrefu, nywele nyeupe, anatembea wima. Akasimama mbele yangu.

"Wewe ndiye Kyalo?"

"Ndiye mimi, mama."

Akanipima kutoka utosini hadi kwenye viatu. "Mara ya mwisho nilikuona ukiwa chini ya aproni," akasema. "Umekua."

Ni Sista Rhoda, mwaitu. Kitanda chake kilikuwa karibu na chako. Alistaafu, lakini wanamwita kusaidia kuchagua wanafunzi. Sijui kama uliwahi kumtaja mbele yangu, mimi sikumbuki. Lakini yeye amekutaja vizuri sana. Anakumbuka ulivyokuwa ukiimba ukipiga deki mpaka mkubwa wa wauguzi akaja kukunyamazisha, akabaki kusikiliza. Anakumbuka siku uliyoondoka.

"Hakuniaga," akaniambia. "Nilikuwa zamu kwa wodi ya watoto. Nikarudi, nikapata kitanda kimetandikwa, kona zote nne zimekunjwa, na kofia iko juu ya mto."

Nikamuuliza kofia ile iko wapi.

"Nisikudanganye. Ilipewa msichana mwingine wiki hiyo hiyo. Zilikuwa chache."

Halafu akasema jambo ambalo sikulielewa, nakupa kama alivyonipa. Alisema, "Mwambie si mimi niliyemsemea. Najua alidhani ni mimi, kwa sababu ni mimi peke yangu nilikuwa najua. Nimetaka kumwambia hivyo tangu nikiwa msichana." Macho yake yalikuwa yamejaa. Jibu ni lako.

Nikamuuliza kama sasa mtoto atafikiriwa zaidi kwa sababu yake yeye kukujua. Akakasirika kidogo, nikampenda kwa hilo. Akasema sheria ni sheria, watoto wa nyumbani ni wa waliohitimu, na yeye hawezi kuipinda hata kwa ajili yako. "Jina halikuhesabiwa," akasema. "Kona imehesabiwa, kwa sababu ameikunja mwenyewe."

Mwaitu, alipata. Waliandika kabla ya mtihani kwamba nafasi yake imewekwa, akaenda kuufanya mtihani akiwa mtulivu, na matokeo yalipotoka alikuwa amepita vizuri kuliko walivyotaka. Hatukukuambia kwa simu isipokuwa kwamba amefaulu, kwa sababu nilitaka hili lote likufikie pamoja. Wanjiku alipopata habari alikuwa Muthurwa, akapiga ukelele mpaka watu wakadhani kuna moto, na wateja wa siku hiyo walikwenda nyumbani na viazi vya nyongeza. Baba Shiro alituletea sufuria nzima ya supu.

"Si nilikuambia?" akasema. "Lazima mtu wa ndani."

"Baba Shiro, mtu wetu wa ndani ndiye alituzuia mlangoni."

Akafikiri, akapuliza supu yake. "Sawa. Lakini alikuwa ndani ama hakuwa?"

Nikamwongezea supu kwenye bakuli lake.

Anaripoti mwezi ujao. Amenunuliwa viatu vyeupe na anavivaa ndani ya nyumba akitembea juu ya mkeka asivichafue. Ana furaha, mwaitu, na mimi nina furaha ambayo sijui niiweke wapi. Nikiendesha lori najikuta naimba zile nyimbo zako za kupigia deki, maana sasa najua zilitoka wapi.

Limebaki jambo moja. Kule wana desturi ambayo wewe unaijua kuliko mimi. Wakimaliza muhula wa kwanza wanavishwa kofia mbele ya watu, na mwenye ndugu aliyesomea pale huvishwa na ndugu yake huyo. Asiye na mtu huvishwa na mwalimu. Nilimwambia Sista Rhoda basi wetu atavishwa na mwalimu, kwa kuwa sheria yenu ni ya waliohitimu.

"Sheria ya nafasi ni ya kamati," akanijibu. "Sherehe ya kofia ni yangu mimi, bado hawajaninyang'anya. Mama yako alivishwa kofia siku moja na mimi. Alifukuzwa masomo, kofia hakuna aliyemvua. Aliiweka chini mwenyewe. Mwambie aje."

Mwikali tayari ameulizwa atavishwa na nani, na ameandika. Hakuniomba ruhusa. Nilipomwambia nyanya yake huenda akakataa, alisema, "Baba, nimeandika jina langu tu. Wakimwita, mmoja wetu ataitika."

Nisalimie mjomba Muthiani, na umwambie twiga aliyenichongea bado amesimama juu ya kabati, ingawa Wanjiku amemtundikia funguo shingoni. Wasalimie mke wake na pasta wetu, na akina mama wa kusuka viondo, hasa yule anayekuuliza kila mara kama nimenenepa. Mwambie ndiyo. Kuhusu mbuzi usiwe na wasiwasi, Ndinda amekubali kulala kwako siku hizo, na sukari ndiyo malipo yake.

Najua utakayoyasema. Utasema magoti. Utasema huna nguo, na kile kitenge cha buluu nakifahamu kilipo, kiko chini kabisa ya sanduku na hakijavaliwa. Utasema watu watakutazama, nami nakubali, watakutazama. Sitaki ujibu kwa simu, maana mtandao utapotea. Nimeshaomba gari dogo la kiwanda na nimepewa. Nitakuja mwenyewe mpaka mlangoni kwako, na tutakwenda mwendo utakaoutaka.

Mwaitu, mimi ndiye niliyekutoa kwenye lango lile, ingawa sikujua. Sasa mimi ni mtu mzima na kazi yangu ni udereva. Acha nikurudishe.

Ni mimi mwanao,
Kyalo